Nezhmetdinov, Fundi Aliyekosa Cheo



Katika kila mugodi iko mutu mumoja. Munamufahamu. Anashuka shimoni tangu miaka makumi mbili. Akipiga mwamba kwa nondo, kwa sauti tu anajua kama utaanguka leo ao utangoja. Vijana wanaofika na diploma mukononi, yeye njo anawaonyesha pa kuweka muguu na pa kukimbilia. Lakini ukifungua dosie yake kule buro, kategori yake ni ileile ya mwaka alioingia kazini. Wale aliowafundisha wamekuwa mashefu wake. Asubuhi anawaamkia kwa heshima, kisha anashuka.

Leo tunaleta maisha ya mutu wa namna ile. Yeye hakufanya kazi ya mugodi. Alikuwa muchezaji wa sataranji, na jina lake Rashid Nezhmetdinov. Jina ni gumu mudomoni, lakini mushike, sababu katika inchi zote ambako watu wanacheza sataranji kwa moyo, lile jina linajulikana. Alikufa mwaka 1974. Cheo kikubwa cha kazi yake hakukipata mpaka anaingia kaburini. Na muchezo mumoja alioucheza mwaka 1958 umewashinda wengi waliokuwa na kile cheo.

Kwanza tuseme sataranji ni nini, kwa wale ambao hawajaiona. Ni ule muchezo Wafaransa wanauita échecs. Ubao wake una nyumba 64, nyeupe na nyeusi, sawa ubao wa dama mufupi. Kila muchezaji ana watu 16. Mbele wako askari wanane, wanaokwenda pole pole, nyumba kwa nyumba, na hawarudi nyuma. Nyuma yao iko minara miwili inayokwenda mustari wima na mustari wa kulala, farasi wawili wanaoruka juu ya wengine, na wawili wanaokwenda pembe kwa pembe. Hawa wa pembe Wafaransa wanawaita wenda wazimu, inchi zingine zinawaita maaskofu. Sisi tutasema maaskofu, ili padri asikasirike na wenda wazimu pia wasikasirike. Katikati iko malkia, mwenye nguvu kupita wote, anakwenda kila upande. Kando yake iko mufalme. Mufalme hana nguvu, anapiga hatua moja moja sawa muzee. Lakini akifungwa pasipo njia ya kutoka, muchezo umekwisha, hata kama watu wako wote wengine wako wazima.

Basi, tuingie katika maisha yake.

Rashid alizaliwa mwezi wa 12, mwaka 1912, katika muji wa Aktyubinsk, ambao leo uko katika inchi ya Kazakhstan na unaitwa Aktobe. Wakati ule eneo lote lilikuwa chini ya mufalme wa Urusi. Wazazi wake walikuwa Watatari. Watatari ni kabila la Waislamu wenye luga yao, wanaoishi ndani ya Urusi tangu zamani, na muji wao mukubwa ni Kazan, karibu na muto Volga. Wazazi walikufa yeye akingali mutoto mudogo. Alipokuwa na miaka mine, mapinduzi yakampindua mufalme, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikafuata, na mwaka 1921 njaa kubwa ikashika maeneo ya Volga. Watu wengi sana wakafa. Mutoto yatima katika miaka ile hakuwa na mutu wa kumutetea. Rashid akapita mukono kwa mukono, kwa jamaa, mpaka kaka yake mukubwa akamuchukua na kumupeleka Kazan. Kaka yule alikuwa Kavi Nadzhmi, mwandishi wa vitabu na mashairi kwa luga ya Kitatari, mutu wa kuheshimiwa.

Kule Kazan kijana akaona michezo miwili: dama na sataranji. Sisi watu wa mugodi dama tunaijua. Siku ya kupumuzika, chini ya muti wa mwembe, tunacheza kwa vifuniko vya chupa, upande mumoja umegeuzwa juu na mwingine chini, na watu makumi wanasimama pale kumufundisha yule anayecheza. Nezhmetdinov alizijua zote mbili mpaka mwisho. Alipata cheo cha mwalimu katika dama na cheo cha mwalimu katika sataranji, jambo ambalo wachezaji wachache sana wa dunia wameliweza. Wengi wanaosimulia maisha yake wanasema njia yake ya kucheza sataranji ilitoka pale: katika dama munafahamu, unamupa mwenzako kimoja akile, unamupa cha pili akile, na kumbe wewe umekwisha kuona mbele, anapomaliza kula, unaruka wanne kwa mara moja na ubao unabaki mutupu.

Ilipofika vita kubwa ya 1941 mpaka 1945, alivaa nguo za jeshi sawa vijana wengi wa Umoja wa Kisovieti. Miaka ile ambayo muchezaji anapata nguvu, ikaenda. Aliporudi kwenye ubao, wenzake waliokuwa na bahati walikuwa wamekwenda mbali. Wengine wangesema wakati umepita. Yeye, mwaka 1950, akiwa na miaka 37, akashinda shampiona ya Urusi. Akaishinda tena 1951. Akaishinda 1953. Akaishinda 1957 na 1958. Mara tano.

Hapa lazima tueleze kitu. Umoja wa Kisovieti ulikuwa na jamhuri nyingi ndani yake, na Urusi njo ilikuwa kubwa kupita zote. Kwa hiyo shampiona ya Urusi ilikuwa shampiona ya inchi nzima, lakini juu yake ilikuwa ingine, ile ya Umoja wote, ambako walikutana wakubwa wa dunia. Wakati ule Wasovieti walikuwa wanatawala sataranji ya dunia. Nezhmetdinov alifika ile fainali ya Umoja mara kadhaa, lakini hakuichukua hata mara moja. Tusimufiche kasoro: alikuwa mutu wa kushambulia. Kama iko nafasi ya kushambulia, hata mabingwa wa dunia walimuogopa. Kama hakuna, kama lazima kukaa nyuma na kulinda kwa saa nyingi, alichoka na kufanya makosa. Kila fundi ana upande wake.

Na cheo? Cheo kikubwa cha sataranji Wafaransa wanakiita grand maître, sisi tuseme mwalimu mukuu. Mwaka 1954 alitumwa Bucharest, inchi ya Romania, kucheza na watu wa inchi mbalimbali. Akamaliza wa pili, nyuma ya Viktor Korchnoi, na akapata cheo cha mwalimu wa kimataifa. Kilibaki kipandio kimoja tu. Lakini kupanda kile kipandio, ilikuwa lazima kucheza inchi za nje mara nyingi, mbele ya walimu wakuu wengine. Na kwenda nje, mutu hakujipeleka mwenyewe. Wakubwa wa muchezo kule Moscow njo walichagua nani atapanda ndege na nani atabaki. Nezhmetdinov, mutu wa Kazan, alichaguliwa mara chache sana. Mulango haukufungwa kwa ufunguo, hapana. Haukufunguliwa tu. Sisi wa sendika tunaujua ule mulango.

Sasa tufike mwaka 1958, muji wa Sochi, kando ya Bahari Nyeusi, katika shampiona ya Urusi. Nezhmetdinov ana miaka 45. Mbele yake anakaa Lev Polugaevsky, kijana wa miaka 23, mwenye akili sana, mutu wa kujitayarisha na wa hesabu. Kijana anacheza na Weupe, ambao wanaanza. Muzee anacheza na Weusi.

Mwanzo ulikuwa wa kawaida. Weupe wakashika katikati ya ubao, wakajenga vizuri, sawa mutu anayeweka nguzo kabla ya kuchimba. Lakini katika hatua ya 9 farasi wa Nezhmetdinov akaruka mbele, na katika hatua ya 10 malkia wake akatoka mpaka pembeni ya ubao, upande ambako mufalme mweupe atalala. Wachezaji wengi wanaogopa kumutoa malkia mapema. Yeye alimutoa na hakumurudisha.

Hatua ya 14, Polugaevsky akamurudisha malkia wake nyumbani kabisa, kwenye nyumba aliyoanzia. Mushike jambo hili akilini: malkia mweupe, mwenye nguvu kupita wote, alikaa pale mpaka mwisho wa muchezo. Hakutoka tena hata hatua moja.

Weusi wakasukuma askari wao upande wa mufalme, mumoja nyuma ya mwingine. Hatua ya 16, kijana akaweka farasi wake katikati, pahali pazuri, anatisha vitu viwili kwa mara moja. Mutu mwingine angerudi kulinda. Nezhmetdinov hakugeuza kichwa, akasukuma askari tena. Hatua ya 18, malkia mweusi akaingia mpaka mbele ya mulango wa mufalme mweupe.

Pale Polugaevsky akaona njia. Akatoa mufalme wake nje, hatua ya 21, ili munara wake upate nafasi ya kuja pembeni na kumupiga malkia mweusi. Malkia akashuka nyumba moja, akamutisha mufalme. Mufalme akapanda nyumba ingine, kuelekea katikati. Weusi wakakula farasi yule wa katikati, Weupe wakalipiza. Weusi wakaruka farasi wao wa pili mpaka upande wa kushoto wa ubao. Na hatua ya 24, munara mweupe ukafika pembeni. Malkia mweusi yuko chini ya moto.

Tunaomba musimame hapa kidogo, sawa tunavyosimama kabla ya kuwasha baruti.

Nezhmetdinov angeweza kumukimbiza malkia wake. Nyumba ya kukimbilia ilikuwa. Mutu yeyote mwenye akili timamu angefanya hivyo, sababu kupoteza malkia pasipo kupata malkia wa mwenzako ni sawa kuingia shimoni pasipo taa. Yeye akamuacha. Akachukua munara wake, akakula askari aliyekuwa karibu kabisa na mufalme mweupe, na malkia akabaki pale pembeni anangoja kuliwa. Mezani kulikuwa na nyama mbili: munara na malkia. Polugaevsky akakula malkia.

Munara mweusi ukasogea nyumba moja tu, ukamutisha mufalme. Mufalme hakuweza kuukula, sababu askari mudogo mweusi aliulinda. Hakuweza kurudi nyuma, sababu askofu mweusi alichungulia njia. Hakuweza kwenda kando, sababu farasi wawili weusi walikuwa wanakamata zile nyumba. Nyumba moja tu ilibaki, na ile ilikuwa mbele, katikati ya ubao, katikati ya adui. Mufalme akaingia pale.

Na sasa, hatua ya 26. Malkia amekwisha kwenda. Watu waliozunguka ubao wangengoja pigo kubwa, kelele, damu. Nezhmetdinov akachukua askofu wake na kumurudisha nyuma hatua moja. Hakukula kitu. Hakumutisha mufalme. Alimuweka tu kwenye mustari wa pembe ambao mwisho wake alisimama mufalme, na katikati ya hao wawili alisimama farasi wake mwenyewe. Siku yule farasi ataondoka, mustari utafunguka.

Hii hatua, makamarade, njo inafanya watu waheshimu ule muchezo mpaka leo. Kumutoa malkia kwa hasira, hata mulevi anaweza. Lakini kumutoa malkia, kisha kutulia na kumupa mwenzako zamu yake, maana yake umehesabu. Polugaevsky alikuwa na malkia mumoja zaidi, na alikuwa na zamu ya kucheza. Alitazama ubao wote na hakupata kitu cha kumuokoa. Akasukuma askari wa pembeni, kufunga tundu moja, na matundu mengine yakabaki.

Kisha wadogo wakaanza kazi. Askari mweusi akapanda na kumutisha mufalme. Akaliwa, na mwenzake akalipiza. Kijana akaleta askofu wake kusaidia. Farasi mweusi akamukula yule askofu, na kwa kuondoka kwake mustari ukafunguka, mufalme akajikuta chini ya moto wa askofu wa mbali. Akakimbia kushoto. Askari mwingine akamutisha. Akaliwa, na mwingine akashika nafasi yake, akamutisha tena. Mufalme akakimbia tena. Hapo munara mweusi wa pili, uliolala kwenye pembe yake tangu asubuhi, ukatoka na kufunga njia. Mufalme akaingia ukingo wa ubao. Hatua ya 33, farasi akaruka mara ya mwisho, na Polugaevsky akakubali kushindwa. Likibaki pigo moja tu.

Hesabuni mufalme alivyotembea: alianza upande wa kuume, amelindwa nyuma ya askari wake, na akapiga hatua sita mpaka ukingo wa kushoto, peke yake, akivuka inchi ya adui. Malkia wake yuko nyumbani, amekaa. Na lile pigo moja lililobaki, munajua nani angelilinda? Munara ungeshuka karibu na mufalme kumufunga, na mwenye kuulinda munara pale angekuwa askari mweusi wa mwisho wa ubao, yule ambaye tangu hatua ya kwanza hakusogea hata nyumba moja. Alisimama tu pahali pake. Kama asingesimama, mufalme angekula munara na kutoka.

Ile shampiona ya Sochi, Nezhmetdinov aliishinda. Ilikuwa ya tano kwake, na ya mwisho.

Watazameni sasa hao wawili baada ya siku ile. Polugaevsky alipata cheo cha mwalimu mukuu mwaka 1962. Alishinda shampiona ya Umoja wa Kisovieti, na baadaye alifika karibu na mulango wa ubingwa wa dunia. Alistahili, hatumuonei wivu. Lakini muzee aliyemutembeza mufalme wake ubao muzima alibaki na kategori ileile ya 1954.

Na haikuwa bahati ya siku moja. Iko mutu anaitwa Mikhail Tal, wa Latvia, aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka 1960, na ambaye watu wanamuita muchawi wa kushambulia. Nezhmetdinov alimushinda Tal zaidi ya mara moja. Mara moja ilikuwa Baku, katika shampiona ya Umoja ya 1961, na ule muchezo pia watu wanauonyesha mpaka leo. Ukiweka hesabu ya wao wawili, Nezhmetdinov njo yuko mbele. Bingwa wa dunia yuko nyuma ya mutu asiye na cheo.

Kule Kazan hakukaa kulia. Alifundisha vijana. Aliandika kitabu cha kufundisha sataranji kwa luga ya Kitatari, ili mutoto wa Mutatari asingoje kwanza ajue Kirusi sawasawa kabla ya kujua farasi anaruka namna gani. Sisi tunaoandika ukurasa huu wa Kiswahili ndani ya gazeti la Kifaransa, tunaelewa kwa nini alifanya ile kazi.

Alikufa tarehe 3 mwezi wa 6, mwaka 1974, kulekule Kazan, na miaka 61. Leo shule ya sataranji ya Kazan ina jina lake, na mashindano ya kumukumbuka yanachezwa pale. Wanaocheza, wengine ni walimu wakuu. Wanakuja na cheo chao kucheza chini ya jina la mutu aliyekikosa.

Sasa swali letu, makamarade. Namna gani sisi hapa, mbali vile, tunaujua ule muchezo wa 1958 hatua kwa hatua, tunajua hatua ya 24 ni gani na ya 26 ni gani? Hatukuwa Sochi. Wachezaji wote wawili wamekufa.

Jibu ni hili. Katika sataranji ya mashindano, kila muchezaji ana karatasi kando yake. Akicheza hatua, anaiandika. Mwenzake akicheza, anaiandika pia. Mwisho wote wawili wanatia sahihi, aliyeshinda na aliyeshindwa. Haiko ombi, ni sheria ya muchezo. Kwa hiyo wakubwa wa Moscow waliweza kumunyima Nezhmetdinov ndege, na kwa kumunyima ndege wakamunyima cheo. Kazi yake hawakuweza kuifuta, sababu ilikuwa imeandikwa, hatua zote 33, na sahihi ya mwenzake chini.

Sisi, kazi yetu inaandikwa wapi? Fundi anafanya kazi ya kategori ya juu miaka kumi, kapita anamupa maagizo kwa mudomo, naye anajibu kwa mudomo. Amefundisha vijana kumi na tano, hakuna pahali majina yao yameandikwa pamoja na jina lake. Amezuia tabaka lisianguke juu ya wenzake, na kesho yake hakuna anayekumbuka tarehe. Siku sendika inapoingia buro kumuombea kategori yake, tunaulizwa ushahidi. Tunatoa midomo. Wao wanatoa karatasi. Tumeshindwa vile mara nyingi, na hatukushindwa kwa kukosa haki. Tulishindwa kwa kukosa kaye.

Kwa hiyo tunaomba kitu kimoja, na hakina bei kubwa. Kila mumoja wetu anunue kaye ndogo na kalamu. Akitoka shimoni, aandike: tarehe, pahali alipofanya kazi, mashini aliyoshika, nani alimupa agizo, nani alikuwa pamoja naye, nani amemufundisha. Mistari mitatu inatosha. Kama iko mwenzake wa kuaminika, amutilie sahihi. Asiyejua kuandika vizuri, mutoto wake wa sekondari aandike, yeye aseme. Na ninyi wamama, mulinde ile kaye nyumbani sawa munavyolinda karatasi za ubatizo na za lupangu, sababu siku baba hayuko, ile njo itawasemea.

Hatuahidi kama kila mwenye kaye atapata kategori yake. Nezhmetdinov aliandika hatua zake zote na cheo hakikuja. Lakini hakuna mutu leo anayeweza kusema hakufanya ile kazi. Fundi wetu wa makumi mbili ya miaka, yule tuliyeanza naye, akienda pensheni mwaka huu pasipo mustari hata mumoja, kesho yake mutu anaweza kusema hakuwa fundi, na hatutakuwa na cha kumujibu.

Siku ya kupumuzika, kabla ya kupanga vifuniko vya dama chini ya mwembe, muanze na kaye. Kisha mucheze.